Shajara ya Megabaiti Moja

Jumatatu, Thika
Mwalimu wa shule ya msingi amekuja kutoka Ruiru na laptop ya mtumba. Anasema alama za wanafunzi zinabadilika zenyewe: ameandika 61, kesho yake anafungua faili na kukuta 63. Nimemwamini papo hapo. Ndani ya kompyuta, tarakimu 1 na tarakimu 3 zinatofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikikwama kwenye RAM, mtoto anapewa alama mbili ambazo si zake, na mwingine anashushwa nafasi darasani. RAM yenyewe imechomewa kwenye bodi, haichomoki. Nimewasha Memtest86+, programu ya kupima RAM, jioni. Kabla ya kufunga duka stima ikapotea. Betri haishiki chaji, kwa hiyo jaribio likakatikia njiani.

Jumanne
Jaribio limemalizika. Makosa yote yamekusanyika karibu na anwani 0x5a3c4e18. Sehemu iliyobaki ya gigabaiti 4 ni nzima kabisa. Fundi jirani amenishauri nimwambie mwalimu atafute nyingine. Nimekataa. Linux inaweza kuambiwa tangu inapowaka kwamba eneo fulani lisiguswe, na mashine ikafanya kazi miaka mingine. Kuitupa ni kumtoza mwalimu gharama isiyo yake.

Jumatano, Ruiru
Nimekwenda kuchukua chaja ya mwalimu pamoja na kijana wa chuo anayejifunza kazi kwetu. Matatu ikakwama Juja, lori limeharibika barabarani. Muda ulikuwepo, nikamweleza jinsi kerneli, kiini cha Linux, inavyoamka.

Mwanzoni kabisa hakuna mgawaji wa kawaida wa kumbukumbu. Kuna memblock, iliyopata jina hilo mwaka 2010. Inashika orodha mbili: kumbukumbu iliyopo, na kumbukumbu iliyotengwa. Kwenye kompyuta kama hii ya mwalimu, orodha ya kwanza hutokana na ramani inayotolewa na BIOS, iitwayo e820. Ya pili kerneli huijaza yenyewe: mahali ilipopakiwa, mahali pa initrd (faili la muda ambalo kerneli huanza nalo), na data iliyoachwa na programu ya kuwashia. Anayeomba nafasi hupewa chochote kilichomo kwenye orodha ya kwanza na kisichomo kwenye ya pili.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu akiomba nafasi kabla initrd haijatengwa, anaweza kukabidhiwa initrd hiyohiyo na kuandika juu yake. Hakuna kengele itakayolia. Mashine inakufa baadaye, mahali pengine, na fundi anatafuta kosa pasipo na kosa. Ndiyo maana mwaka 2021 wasanidi wa Linux walikusanya utengaji wa upande wa x86 ukafanywa mapema, kabla ya ugawaji wowote, na kuanzia toleo la 5.13 megabaiti nzima ya kwanza hutengwa daima, kwa kuwa BIOS nyingine huandika humo bila kuaga.

Kijana akauliza, je, wawili wakitenga eneo moja? memblock haikatai. Inaunganisha maombi yao na kuendelea, kama ploti iliyouzwa mara mbili na wanunuzi wote wakapewa risiti. Mimi naona hapo pangefaa onyo.

Tulipofika mwalimu alikuwa darasani, chaja imefungiwa kabatini. Tumerudi bila chaja.

Alhamisi, Thika
Kijana ameandika mstari kwenye mipangilio ya GRUB, programu ya kuwashia: memmap=1M$0x5a300000. Maana yake, tenga megabaiti moja kuanzia anwani hiyo. Ameweka mkwaju mmoja wa kinyume mbele ya alama ya dola, kama inavyofundishwa. Akawasha upya, skrini ikabaki nyeusi.

Mstari huo husomwa mara mbili. Skripti inayotengeneza faili la GRUB ilikula ule mkwaju, kisha GRUB yenyewe ikachukua $0 kuwa jina la kigezo, na kigezo hicho ni kitupu. Kerneli ikapokea memmap=1Mx5a300000. Bila alama ya dola, maelezo hayo yanamaanisha kumbukumbu yote inaishia megabaiti ya kwanza, na hakuna kerneli ya leo inayoenea humo. Tumebonyeza e kwenye menyu, tukarudisha mkwaju kwa mkono, ikawaka. Ndani ya faili la mipangilio inahitajika mikwaju mitatu: \\\$.

Ijumaa
Stima imekatika tena saa nne, ikarudi saa sita. dmesg, kumbukumbu za ujumbe wa kerneli, inaonyesha ninachotaka kuona:

user: [mem 0x000000005a300000-0x000000005a3fffff] reserved

Kijana amependekeza pia memtest=4, ambayo huifanya kerneli ijaribu kumbukumbu huru kila inapowaka na kutenga yenyewe inayoshindwa. Nimekubali, ingawa mashine inachelewa kuwaka.

Utengaji huu hauko ndani ya mashine. Uko kwenye mstari mmoja wa GRUB, na mtu akiweka mfumo mpya utapotea. Nilibandika stika yenye anwani chini ya laptop, vumbi likaikataa. Nimeuandika mstari wote kwa makapeni ndani ya nafasi ya betri.

Jumamosi
Mwalimu, aliyekwisha kuichukua laptop yake, amepiga simu kutoka Ruiru. Mwanawe anataka kuiwekea mfumo mwingine leo jioni. Nimemwambia amzuie kwanza, wafungue betri, wanakili mstari ule, kisha mtoto anipigie mwenyewe.