Tumelipa Kulala Kilimani

Kila Ijumaa jioni, kati ya Karen na Embulbul, magari ya aina mbili hupishana bila hata kupigiana honi. Yanayopanda kwenda Ngong yamebeba watu wa Kilimani, na viti vya kukunja, na mvinyo, na mbwa aliyevishwa sweta. Wanakuja kwetu Kimuka, nyuma ya Vilima vya Ngong, kuvuta hewa. Yanayoteremka kwenda Nairobi yametubeba sisi wa Kimuka, pamoja na watoto, sufuria ya pilau na mama watoto, aliyeona kwenye simu kwamba familia zinazopendana huenda steikesheni Kilimani. Laiti tungesimamishana njiani tukabadilishana funguo, kila mtu angebaki na hela yake.

Sikatai kwamba Kimuka kuna hewa. Ipo, tena ya ziada. Upepo wa vilimani ndio ule ambao KenGen inautega kwa mitambo yenye uwezo wa megawati 25.5, na miwili ya mwanzo ilitoka Ubelgiji mwaka 1993 kama msaada. Mgeni akiiona inazunguka hutoa simu apige picha. Mimi nikiiona inazunguka kwa kasi hukimbia nyumbani kuhesabu mabati. Maji ni ya boza, vumbi ni la bure. Jirani yangu ametoboa kontena kuukuu, akatia kioo upande unaotazama Bonde la Ufa, na sasa analikodisha kwa usiku mmoja kwa pesa ambazo fundi wangu wa mabati hazioni kwa wiki nzima. Wageni wake huamka alfajiri kustaajabia ng'ombe wakipita kwenda malishoni. Ng'ombe hao hao walimaliza sukumawiki yangu, na mimi niliwatazama bila kutozwa hata shilingi.

Basi tukaenda Kilimani. Zamani huo ulikuwa mtaa wa nyumba moja moja zenye bustani kubwa. Leo maghorofa yamebanana hadi unamsikia jirani akikoroga chai. Tangazo lilituahidi mandhari ya jiji. Nilipofungua pazia nikakutana uso kwa uso na fundi mwenye kofia ya ujenzi, amekaa kwenye mbao za ghorofa linalojengwa mkabala, anakula chapati na maharagwe. Akanipungia mkono, nami nikampungia. Ndiye mwenyeji pekee aliyetukaribisha.

Maana mwenye nyumba hatukumwona. Siku hizi hakabidhi funguo, anatuma namba za kufungulia mlango kwa simu, zikifuatwa na amri. Msipike chakula chenye harufu. Msisogeze kochi. Msipokee wageni. Shemeji yangu anakaa Kawangware, karibu kabisa, na aliposikia tuko mtaani akaja kutusalimu na kuku. Soja wa getini akachukua kitambulisho, akakipiga picha, akauliza ana shughuli gani humo ndani na ataimaliza saa ngapi. Kimuka mgeni huulizwa chai yake itiwe sukari kiasi gani. Shemeji alikasirika. Kutoka roshani nilimwona akivuka barabara kurudi kwake, kuku kwapani. Kuku wa kienyeji, jamani. Yule yule anayeuzwa mkahawa wa chini kwa vipande, juu ya ubao badala ya sahani.

Usiku ndio ulionimaliza. Mwaka 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kwamba vilabu vya usiku haviruhusiwi tena katika mitaa ya makazi. Nadhani klabu iliyokuwa chini ya dirisha letu haikulisikia tangazo hilo kwa sababu ya kelele zake yenyewe. Glasi zilitetemeka kabatini karibu hadi kuche. Kwetu kelele za usiku ni za fisi, na fisi hana maikrofoni. Hata treni ya SGR, ambayo kipande chake cha kwetu kilizinduliwa Oktoba 2019 na kupitishiwa handaki la kilomita zipatazo 4.5 chini ya vilima vyetu, ina adabu: inapita, inakwenda zake.

Nilipopata usingizi nikaamshwa na mngurumo ninaoujua vizuri kuliko sauti ya baba yangu. Nikachungulia. Boza la maji! Limeegeshwa getini, mpira umetumbukizwa kwenye tangi la jengo, na dereva anabishana na soja kuhusu malipo. Nimepita Karen nzima, nimelipa pesa taslimu, ili nilitazame boza nikiwa juu zaidi.

Halafu kuna hesabu ambayo nimeshindwa kuielewa. Unaruhusiwa kuingia saa nane mchana, unatakiwa utoke saa nne asubuhi. Nilifundishwa hesabu na mwalimu mwenye kiboko: siku ina saa 24, nami nimelipia siku nzima nikapewa saa 20. Zile nne zimekwenda wapi? Naambiwa ni za kusafisha. Lakini kusafisha nako kuna ada yake, kando kabisa ya kodi! Na mama watoto hawezi kumwachia mtu vyombo vichafu, hata mtu ambaye hajawahi kumwona. Asubuhi ya kuondoka aliosha masufuria, akapiga deki, akakunja mashuka, akasugua na uchafu wa jikoni uliokuwapo kabla yetu. Nilimkumbusha ada. Akasema, "Baba, watu watatuonaje?"

Garini niliwauliza watoto walichofurahia. Wakajibu kwa pamoja: lifti. Lifti! Ningewapeleka kwenye ofisi za serikali mjini wakapande bure siku nzima, mradi tupate inayofanya kazi.

Kwa hivyo nimeleta pendekezo nyumbani. Tutafute familia moja ya Kilimani, waje walale kwetu nasi tulale kwao, funguo zikabidhiwe pale Karen katikati ya njia, asilipe mtu. Wao wapate upepo wetu wote, watoto wetu wapate lifti. Mama watoto amekubali wazo, ila anataka hao wa Kilimani watume kwanza ada ya usafi.