Fadhila za Mshale Uliolala kwenye Sifuri

Miongoni mwa mita zinazopangwa mbele ya nahodha wa boti ya fiberi, hakuna iliyotukanwa kwa muda mrefu kama takometa, yaani kipimo kinachoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Mita ya mafuta husamehewa uongo wake kwa sababu kila mtu anaweza kuchungulia tangi, na dira haiguswi kwa kuwa bado ina heshima ya wazee. Lakini takometa inaposimama hupigwa makofi kwenye kioo, huapizwa, na mwishowe hufunguliwa skrubu na kutupwa ndani ya ndoo pamoja na plagi zilizoungua. Ni haki basi kifaa hiki kiandikiwe sifa zake angalau mara moja, na ni haki zaidi sifa hizo ziende kwa kile kilichoharibika, kwa kuwa kizima hakina cha kujivunia zaidi ya kufanya kazi yake.

Fadhila zake ndogo hazihitaji maelezo marefu. Takometa iliyokufa haitikisiki hata kusi likichafuka, na kwa hiyo ndicho kitu pekee chomboni kinachobaki na utulivu. Humrudisha nahodha kwenye elimu ya kusikiliza injini kwa masikio, ambayo wavuvi wenye mashine ndogo za kuvuta kamba hawajawahi kuiacha. Tena huwapa abiria wanaovuka kutoka Mokowe kwenda Shela jambo la kumuuliza dereva, naye huwajibu daima kwamba wasiwe na shaka, ni mita tu.

Fadhila yake kuu ni uaminifu, na ili uaminifu huo ueleweke ni lazima kifuniko cha injini kifunguliwe. Mashine ya kupachika, ile inayoning'inizwa kwenye tezi ya chombo, kwa kawaida haina altaneta ya mkanda kama ya gari. Badala yake, juu kabisa ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma lenye sumaku upande wa ndani, na chini ya gurudumu hilo zimefungwa koili za waya wa shaba. Sumaku zinapozipita koili huzalisha umeme wa kwenda na kurudi, ambao betri haiwezi kuupokea. Kwa sababu hiyo umeme hupitishwa kwenye rektifaya, kijisanduku chenye dayodi, yaani vipande vinavyoruhusu mkondo kupita upande mmoja tu, na katika mashine nyingi kubwa kijisanduku hicho hicho hubeba pia regulata inayozuia volti zisipande kupita kiasi. Takometa haina jicho la kuitazama flaiwili wala sikio la kuisikia pistoni. Hushika waya mmoja tu, unaotoka kwenye umeme wa koili kabla haujanyooshwa, na hesabu yake yote ni ya mapigo: flaiwili yenye ncha 12 za sumaku hutoa mapigo 6 kwa kila mzunguko, mita hugawanya kwa 6, na mshale husogea.

Kutokana na mpangilio huo, takometa na betri hula chungu kimoja. Dayodi ikipasuka ndani ya rektifaya na kugeuka njia ya mkato, mapigo hunyongwa papo hapo na mshale hulala kwenye sifuri, huku betri nayo ikiwa imeanza kufunga bila mtu yeyote kuitangazia mwezi. Ni mtumishi gani mwingine wa baharini anayegoma palepale mwenzake anaponyimwa chakula? Injini yenyewe haina utu huo, kwani katika mashine nyingi za mizunguko miwili cheche za plagi hutoka kwenye koili nyingine iliyo chini ya flaiwili hiyo hiyo, na betri inaweza kufa kabisa injini ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna msiba. Pampu ya kunyanyulia mashine haisemi, taa hazisemi, redio haisemi mpaka volti zimekwisha. Ni takometa peke yake iliyovua cheo chake mbele ya watu wote, kwa muda unaotosha kabisa kuirudisha boti gatini kabla haijazimwa kwenye fungu la mchanga na kukataa kuwaka.

Hata uongo wake una adabu ya hesabu. Nyuma ya mita nyingi kuna kitufe kidogo cha kuchagulia idadi, ambacho kwa baadhi ya watengenezaji huhesabu ncha za sumaku na kwa wengine huhesabu mapigo, na fundi asiyejua tofauti hiyo huweka 6 kwa maana ya ncha pale palipohitajika 6 kwa maana ya mapigo. Mita iliyotegwa hivyo hugawanya kwa 3 badala ya 6, na injini inayozunguka mara 3,000 husomeka 6,000 bila kupungua wala kuzidi. Nahodha mwangalifu huona mshale unakaribia alama nyekundu, hupunguza moto, na safari ya nusu saa huchukua saa nzima kwa kuionea huruma injini ambayo haijachoka. Mwongo anayezidisha kwa mbili, na kwa mbili tu, mwaka hadi mwaka, ana nidhamu ambayo wasema kweli wengi hawana.

Wahenga wamesema mjumbe hauawi, lakini huyu ndiye wa kwanza kuuawa. Mshale ukilala, fundi huitwa, naye bila kufungua kifuniko hutamka kwamba mita imekufa na iletwe nyingine. Mita mpya hufungwa, injini huwashwa, na mshale mpya hulala mahali alipolala mwenzake, kwa heshima ile ile. Ikinunuliwa betri mpya, hufanya kazi vizuri kwa kuwa ilitoka dukani imechajiwa, fundi hulipwa na kushukuriwa, na siku chache baadaye nayo hulala. Hapo lawama huhamia kwa stata, mota ya kuwashia injini, na stata hufunguliwa, husafishwa, hurudishwa, haina kosa. Upuuzi mtupu! Kijisanduku kinachoenea kiganjani kimekaa muda wote huo upande wa injini, kimefungwa kwa skrubu mbili, na hakuna aliyekigusa hata kwa ncha ya waya.

Na kukigusa si elimu ya chuo kikuu. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6 kwenye multimita, na injini ikiongezwa moto namba hiyo inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5; isipopanda, betri haichajiwi, na mjadala wa mita umekwisha. Kisha hufungwa rektifaya nyingine iliyo nzima, injini ikawashwa kwa muda mfupi, na takometa ikifufuka basi muuaji amejulikana. Isipofufuka, uchunguzi hurudi kwenye koili, ambazo zikiungua huacha alama ya wazi, utomvu mweusi ulioyeyuka na kuganda chini ya flaiwili, au kwenye waya wa mita wenyewe, ambao katika mashine za Johnson na Evinrude ni wa kijivu na katika Yamaha ni wa kijani. Waya huo ukikatwa mahali ulipoungwa kwa utepe mweusi, mara nyingi shaba ya ndani huonekana imegeuka unga wa kijani kwa chumvi, ingawa ganda la nje linang'aa. Mashine za Evinrude ziliacha kutengenezwa mwaka 2020, baada ya zaidi ya karne moja tangu Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Marekani, aanze kuziunda, na zile zilizobaki majini zitaendelea kuishi kwa ukaguzi wa namna hii au hazitaishi.

Linalobaki ni swali la nani huiua rektifaya, na hapo sifa za takometa huanza kuwagusa watu ambao hawajawahi kulowa. Dayodi hufa kwa sababu chache zinazojulikana: swichi kuu ya betri kuzimwa injini ikiwa inazunguka, nati ya betri kulegea mpaka mguso ukawa wa kukatika-katika, au nyaya za betri kufungwa kinyume, chanya mahali pa hasi. Sasa ichukuliwe boti ya doria au ya kubebea wagonjwa, iliyotolewa na mradi kwa taasisi fulani ya umma. Siku ya makabidhiano kulikuwa na mgeni rasmi, utepe, fulana na kibao cha kumbukumbu. Fomu ya mapokezi ilijazwa mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa mita iliandikwa kwamba zipo, jambo ambalo ni kweli, kwani zingalipo mpaka leo. Rektifaya ilipokufa, dereva aliandika barua. Barua ilihitaji ankara kifani tatu kutoka kwa wazabuni watatu, wakati spea hiyo katika mji mzima iko kwa muuzaji mmoja, na kasma ya matengenezo haikuwa na fedha kwa kuwa mradi ulinunua boti na haukununua matengenezo yake. Akisubiri, dereva hufanya analoweza: kila jioni huifungua betri, huibeba begani, huichajisha kwa kinyozi mwenye umeme, na alfajiri huifunga tena kwenye giza la gati kwa nati yenye masikio inayokazwa kwa vidole. Ankara zikikamilika na rektifaya mpya ikafika, hukuta nati zimelegea kwa kufunguliwa kila siku, au huikuta ile alfajiri moja ambayo chanya imefungwa mahali pa hasi. Hufa siku ile ile. Mshale hulala, dereva huandikiwa barua ya kujieleza, na ofisini huagizwa takometa, kwa sababu takometa inaonekana kwa macho na mkaguzi anaweza kuipiga picha.

Mgonjwa anayesubiri upande wa pili wa mkondo hana haja ya kujua rektifaya ni nini. Waliomnunulia boti walikuwa na haja hiyo, walilipwa posho ya kuijua, na hawakuijua.

Kwa hiyo zabuni ijayo ya boti, kama itaandikwa na mtu aliyewahi walau kuvuta kamba ya mashine, iongezewe mistari minne: multimita ya bei ya kawaida, rektifaya moja ya akiba ndani ya mfuko usioingiza maji, nati za kukazwa kwa spana badala ya zile za masikio, na mchoro wa nyaya ulioandikwa kwa Kiswahili. Vyote vinne havifikii gharama ya hema, viti na vipaza sauti vya siku ya makabidhiano. Kibao cha kumbukumbu kinaweza kusubiri.