Jinsi ya Kupata Laini ya Bei Nafuu Mwanza Bila Kupanda Nayo Juu ya Jiwe

Kwanza, achana na fulana. Gari la matangazo likiegeshwa Makoroboi au Mlango Mmoja, spika zikinguruma na vijana wakikata viuno, ujue pale kinachouzwa ni laini, na laini yenyewe inatolewa karibu na bure. Fulana ukipewa ipokee. Muziki ukikupendeza, cheza. Lakini kidole chako kisiguse mashine ya usajili siku hiyo. Laini haikugharimu chochote leo, ila vifurushi vitakugharimu kila siku ya Mungu mwaka mzima, na fulana itakuwa imeshapauka tangu mwezi wa tatu.

Mwongozo huu ni wa watu wa hapa: mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, mwanafunzi wa SAUT anayepanga Malimbe, dereva bodaboda wa Buhongwa, na mvuvi anayelala ziwani. Wote wanne wanataka mtandao wa bei nafuu. Wote wanne wakifuata tangazo moja, watatu watakuwa wamepotea, kwa sababu mtandao wa bei nafuu ni ule unaoshika pale unapofanyia kazi, na unaokuuzia kiasi unachoweza kukimaliza. Mengine yote, ukiniuliza mimi, yanakuja baada ya hayo mawili.

Basi anza kwa kutembea. Mji wetu umejengwa juu ya mawe na kati ya mawe, na mawimbi ya simu hayapendi jiwe. Mtu wa Mabatini aliyejenga juu anaona minara mpaka ng'ambo. Jirani yake aliyejificha nyuma ya jabali, umbali wa kumwita kwa sauti, anaangalia simu iliyoandika "hakuna huduma". Igogo ni hivyo hivyo, Isamilo hivyo hivyo. Kwa hiyo usimpigie shemeji yako wa Dar es Salaam kumuuliza mtandao gani mzuri. Atakujibu kwa moyo mweupe, na jibu lake litakuwa sahihi kabisa kwa Kariakoo. Muulize fundi cherehani wa mtaa wako, mwenye duka la jirani, na wakala wa pesa anayekaa kwenye kibanda kutwa nzima. Hao wanajua nani hulalamika na nani hanyanyui kichwa kwenye simu.

Kisha azima laini ya mtu, iweke kwenye simu yako na uipime. Piga ukiwa chumbani, piga ukiwa jikoni, piga ukiwa kazini, piga ukiwa stendi ya Nyegezi. Jambo kubwa kuliko yote, ipime intaneti saa mbili usiku. Saa nne asubuhi kila mtandao ni hodari. Mnara una uwezo wake, na uwezo huo hugawanywa kwa wote walioushika kwa wakati mmoja. Ikifika saa mbili usiku, mtaa mzima umerudi nyumbani, umeshiba, unatazama video. Hapo ndipo utajua kama unachouziwa ni kasi au ni subira. Na kama kila ukipigiwa inabidi utoke nje, uvuke uwanja na kusimama juu ya jiwe ukiwa umenyoosha shingo, basi mtandao huo ni wa bei ghali hata ukipewa dakika za bure, maana unalipa kwa magoti.

Kwa wavuvi na wafanyabiashara wa visiwani habari ni nzito zaidi, na hapa naomba tukae kidogo. Maji hayana vilima, na mtu anaweza kudhani mawimbi yatasafiri hadi mwisho wa dunia. Hayasafiri. Mnara wa kawaida wa 2G una ukomo wa kilomita 35 hivi, kwa sababu unapima muda ambao mawimbi yanatumia kutoka kwenye simu yako hadi kuufikia. Ukishavuka kipimo hicho, hata anga liwe jeupe namna gani, hauwezi kukuhudumia. Anayekwenda Goziba, katikati kabisa ya ziwa, hawezi kutegemea mnara ulioko Mwanza mjini. Ni lazima ajue mtandao gani una mnara kisiwani, au kwenye kisiwa cha jirani. Pia masafa hayafanani: ya chini, kama MHz 700 hadi 900, hufika mbali kuliko ya MHz 1800 au 2100. Ndiyo maana kitochi cha bei ndogo kinaweza kuongea mahali ambapo simu janja ya mtoto wa tajiri imebaki kupiga picha za machweo.

Kwa hiyo mvuvi asiulize "bando gani la bei rahisi?" Aulize wenzake wa mwaloni: ukiwa kwenye maji usiku, mtandao gani unabaki wa mwisho? Huo ndio wake, hata kama kifurushi chake kimezidi cha wengine kwa shilingi mia mbili. Upepo ukigeuka, injini ikizima, mitumbwi miwili ikigongana gizani, simu inayoshika ndiyo inayoita msaada. Shilingi mia mbili zilizookolewa hazina kazi ndani ya maji. Na laini ya pili, ya mtandao mwingine, kwa mtu wa ziwani ni hitaji, tena ifungwe vizuri kwenye mfuko usioingiza maji pamoja na kitochi chenyewe.

Bei nayo ina namna yake ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika. Sasa mtu anayenunua kifurushi cha mwezi mzima bila kutazama angani anapoteza hela zake. Siku za giza mvuvi anahitaji dakika: kumpigia tajiri, kuuliza bei ya dagaa Kirumba kabla ya kuamua apeleke mzigo wapi, kumwambia mama watoto kwamba yu hai. Siku za mbalamwezi yuko nyumbani amenyoosha miguu, na hapo ndipo MB zina kazi. Anunue dakika za wiki kipindi cha giza, na intaneti kipindi cha mwezi mweupe. Sijaona kampuni iliyotangaza kifurushi kinachofuata mwezi wa angani, nami nasema wazi kwamba itakayoanza itapata wateja kuanzia Nansio hadi Kome.

Turudi mjini, kwenye hesabu. Menyu ya vifurushi imepangwa ili uchoke kabla hujafika mwisho wake. Usichoke. Chukua mfano huu, wenye namba nilizozitunga kwa ajili ya hesabu tu. Kifurushi cha kwanza ni Sh1,000 kwa MB 400, siku moja. Cha pili ni Sh2,000 kwa MB 700, wiki nzima. Ukigawanya, cha kwanza ni Sh2.50 kwa MB, cha pili karibu Sh2.86, na mtu wa haraka ataruka na kile cha kwanza huku akijipongeza. Lakini kama unatumia MB 100 kwa siku, kile cha siku unakilipia Sh10 kwa kila MB uliyoitumia kweli, na wiki ikiisha umetoa Sh7,000. Mwenzako wa kifurushi cha pili ametoa Sh2,000 na wote wawili mmeona picha zile zile za harusi. Kwa hiyo kabla ya kujiunga, fungua simu yako sehemu ya mipangilio, tazama umetumia MB ngapi kwa wiki iliyopita. Namba hiyo ndiyo saizi yako. Nunua saizi yako.

Mwanafunzi wa Malimbe, wewe una bando la chuo, litumie. Lakini soma muda wake. GB za usiku wa manane ni za kupakua vitabu na mihadhara kisha kulala. Ukikesha kila siku ili zisiharibike, utazimaliza na mtihani utakumaliza.

Kuna ofa nyingine inayokuja na jina lako, au inayosema ni ya kwako peke yako. Inasema kweli: watu wawili kwenye benchi moja, mtandao mmoja, wanaweza kuonyeshwa bei tofauti. Mara nyingi ofa hizo ni nzuri kuliko za menyu ya kawaida, kwa hiyo ziangalie kwanza. Na ukiona za mwenzako ni nono kuliko zako, usikasirike wala usimchukie; mwombe akununulie.

Haki zako nazo zijue. Aprili 2021 vifurushi vilibadilishwa bei, nchi nzima ikapiga kelele, na Serikali ikasitisha bei hizo mara moja. Kanuni ndogo za vifurushi zilizotolewa mwaka huo na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, hazikupata kelele kama bei, ingawa ndizo zenye faida kwako. Zinataka kampuni ikujulishe unapofikisha asilimia 75 ya kifurushi na kinapoisha. Zinataka pia uweze kumhamishia MB zako mtu mwingine wa mtandao huo huo. Ule ujumbe wa asilimia 75 watu huufuta bila kuusoma. Usome. Kinachomaliza salio la watu wengi ni dakika zile chache baada ya bando kukata, simu ikaendelea kunywa salio la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi. Zima data bando linapokata. Na kukopa salio kuwe kwa dharura, kwa sababu mkopo una ada, na anayekopa kila Jumatatu anapandisha bei ya mtandao wake mwenyewe.

Sasa suala la ndugu. "Mama yuko Voda, basi na mimi nibaki Voda." Zamani hoja hii ilikuwa na nguvu. Kampuni moja hulipa nyingine kila simu inapovuka mtandao, na mwaka 2017 malipo hayo yalikuwa karibu Sh27 kwa dakika. TCRA ikayashusha ngazi kwa ngazi: Sh15.60 Januari 2018, hadi Sh2 mwaka 2022. Ndiyo sababu leo vifurushi vingi vinaandikwa "mitandao yote". Ile mikoba ya akina baba yenye laini nne na simu tatu ilikuwa na akili wakati ule. Leo mtu wa mjini anaibeba kwa mazoea. Mpende mama yako, mpigie kila siku, ila chagua mtandao wako.

Kwenye pesa, hata hivyo, ndugu na wateja bado wana uzito. Kutuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulifunguka hapa nchini mwaka 2014 kwa Tigo, Airtel na Zantel, na Vodacom wakaingia 2016. Kunawezekana, lakini makato yake yaangalie. Mama wa dagaa atazame wateja wake wa Shinyanga na Kigoma wanatuma kwa mtandao gani, kisha atazame wakala wa karibu na kibanda chake ana fedha taslimu ya mtandao upi saa kumi na moja alfajiri. Pesa isiyotoka asubuhi haisaidii kulipa kibarua.

Majina yasikutishe. Mobitel ikawa Buzz, ikawa Tigo, na Novemba 2024 ikawa Yas. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel 2010. Halotel ilipoingia Oktoba 2015 wengi waliiona ngeni, na leo vijijini wapo wasio na mtandao mwingine. Rangi ya kibanda ikibadilika, pima upya kama nilivyokueleza, saa mbili usiku, jikoni.

Na ukikuta mtandao wako umekushinda, hama, na uhame na namba yako. Huduma hiyo ilianza nchini tarehe 1 Machi 2017. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka, na kitambulisho chako, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unafuata maelekezo. Kabla ya hapo, maliza salio na utoe pesa zilizoko kwenye akaunti ya simu, kwa sababu namba inahama na hela hazihami. Ukiwa bado umeshika simu, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifute siku hiyo hiyo. Na yule anayekuandikia "ile hela itume kwenye namba hii", namba yake itume kwenda 15040.

Nina ombi moja kwa kampuni zote na kwa TCRA. Pale Mwaloni anayeuza dagaa anaweka debe mezani, mnunuzi analiona, anajua anapimiwa nini. Kila kifurushi kwenye menyu kiandikwe bei ya MB moja na bei ya dakika moja, kwa shilingi na senti, kabla ya mtu kubonyeza "nunua". Hilo halihitaji mnara mpya wala nyaya. Linahitaji mstari mmoja kwenye menyu, na linaweza kufanyika wiki hii.