Sifa za Mashine Isiyo na Nasaba

Pwani hii haijawahi kupungukiwa na wasifu. Jahazi limesifiwa, mnazi umesifiwa, kahawa chungu imesifiwa, hata mkwe husifiwa inapobidi. Lakini hadi leo sijamsikia mtu akisimama mbele za watu kuisifu projekta ya filamu za milimita 16 iliyoungwaungwa kwa vipande vya mashine nyingine zilizokwisha kufa. Dhuluma hiyo naiondoa leo. Wenye projekta zilizotoka kiwandani na karatasi za udhamini wanisamehe. Sifa zao zimo kwenye matangazo, tena zimelipiwa.

Msifu yeyote huanza na nasaba, na hapo ndipo bwana wangu anapowapita wote, maana wengine wana ukoo mmoja naye ana wa kugawa. Mwili ni wa Marekani. Lenzi ni ya Ujerumani. Pipa lake ni jembamba kuliko tundu la mwili, kwa hiyo limevishwa ukanda wa bati la kopo la maziwa ya unga, na hapo limetulia. Mkono unaobeba rili ya kupokelea ni wa Kijapani. Mota ni ya cherehani. Feni ya kupozea ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi fulani, nayo bado inafanya kazi kwa mwendo wa ofisi. Globu kubwa ni ya volti 24, wati 250, na transfoma inayoilisha ilinunuliwa kwa kilo pamoja na vyuma vingine. Taa ya sauti ni ya pikipiki, na habari zake zitakuja.

Skrubu ndizo zenye fahari ya pekee. Za Kiingereza za kipimo cha Whitworth zina pembe ya hesi ya digrii 55, za Kimarekani digrii 60. Lakini za robo inchi, kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, zote mbili zina hesi 20 kwa kila inchi. Kwa hiyo huingiana. Haziingiani kwa mapenzi. Zinaingia, zinauma kidogo, zinakaa. Ziko ndoa nyingi mjini zilizosherehekewa kwa siku tatu ambazo hazikukaa hivyo.

Waungwana watauliza: makabila yote haya yalipatanishwa na nani? Kadhi wao ni filamu. Mwaka 1923 Kodak walipoleta mkanda wa milimita 16, walikata shauri juu ya upana wake, nafasi ya matundu yake, na picha 40 kwa kila futi. Sauti ilipokuja ikakubaliwa kwamba katika mkanda huo itatangulia picha yake kwa picha 26. Tangu hapo kila kiwanda kilijichagulia rangi, vifungo, kipimo cha skrubu na namna yake ya kumtesa fundi. Tundu la filamu hakuna aliyethubutu kulisogeza. Ndiyo maana mkono wa Japani unaweza kupokea mkanda uliovutwa na chuma cha Marekani ukapita mbele ya kioo cha Ujerumani. Vipande hivi havina undugu, na wala havihitaji. Vimekubaliana juu ya jambo moja tu, nalo ndilo la maana.

Fungua kifuniko cha pembeni uone. Mkanda unashuka kutoka rili ya juu, unafanya kitanzi, unaingia kwenye lango dogo lenye dirisha la picha moja. Nyuma ya lango kuna ukucha wa chuma. Ukucha unaingia kwenye tundu, unavuta picha moja chini, unatoka, unapanda mtupu, unaingia tena: mara 24 kila sekunde. Wakati unavuta, pazia lenye mabawa linazunguka na kuziba mwanga, ili macho yasione mkanda ukihama. Yanaonyeshwa tu picha zilizosimama, na ubongo unajidanganya uliobaki. Sasa, pazia la bwana wangu si la mashine hii. Limechelewa nyuma ya ukucha kwa kiasi ambacho huwezi kukiona ukilitazama, lakini ukutani majina meupe ya waigizaji yanaota mikia. Watu wa kale walilipia fedha nyingi mwandiko wa namna hiyo kwenye barua za wafalme. Sisi tunaupata bure.

Hilo latupeleka kwenye ukarimu wake. Mota aliyozaliwa nayo iliundwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, na wetu ni wa hezi 50. Ukiitia transfoma ya kushusha volti, itazunguka na wala haitaungua, ila kwa picha 20 kwa sekunde badala ya 24. Filamu ya dakika 90 ikawa ya dakika 108, yaani dakika 18 za nyongeza ambazo mtengenezaji filamu hakulipwa wala mtazamaji hakuziomba. Sauti nazo zinashuka. Lata Mangeshkar, mwimbaji wa kike wa filamu za Kihindi, anaimba kwa koo la mwanamume aliyeamshwa usingizini, na jambazi akitishia kuua, anatishia kwa utulivu wa imamu. Nani amewahi kuzipa filamu za zamani heshima kama hiyo?

Walikuwepo waliolalamika, ndipo ikaletwa mota ya cherehani, ambayo haijali hezi: hukimbia kadiri mguu unavyokanyaga. Sasa mwendo wa hadithi uko kwenye kisigino cha mwendeshaji. Akiwa na raha, wapenzi wanazungumza vizuri. Akianza kusinzia, wanaanza kuzeeka. Akishtuka, wanagombana kwa sauti za ndege. Hakuna jumba la sinema duniani linalomruhusu mtu wa nyuma ashiriki kuigiza kiasi hicho.

Tusifu pia ukweli wake. Kitanzi cha chini, kati ya lango na ngoma ya sauti, ndicho kinachotunza zile picha 26. Kikizidi kwa picha sita tu, mlango unafungwa kwenye skrini na kishindo chake kinafika robo sekunde baadaye. Mashine ya heshima huficha kwamba sauti na picha ni wasafiri wawili waliokodi gari moja. Ya kwangu haifichi kitu. Midomo inasema, kisha maneno yanakuja, nawe unapata muda wa kutafakari kama msemaji alimaanisha.

Na ushujaa? Mkanda ukikwama langoni huku taa inawaka, utaona doa la kahawia likizaliwa katikati ya uso wa shujaa, likipanuka, likitoa mapovu, mpaka ukuta ukabaki mweupe. Filamu za milimita 16 zilitengenezwa tangu mwanzo kwa asetati, haziripuki kama zile za naitreti za majumba ya zamani, kwa hiyo unaweza kulifurahia jambo hili ukiwa umekaa. Vichwa vingi vya habari vimetangaza maonyesho yasiyorudiwa. Hili halirudiwi kweli, kwa sababu picha zenyewe zimekwisha.

Lakini sifa kuu ya mashine hii ni kwamba huwezi kuwa nayo peke yako. Ina gia ndogo ya plastiki inayogeuza mhimili mkuu, na plastiki ile hupasuka kwa uzee hata mashine ikiwa imelala sandukuni miaka yote. Kiwanda sikitaji; huenda nacho kimelala sandukuni. Gia ya namna hiyo huipati dukani. Unaipeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mkereza vyuma, ikiwa vipande viwili ndani ya kitambaa.

"Mzee, hii ni ya mashine gani?"

"Ya sinema, fundi."

"Sinema ina gia?"

Akishauliza hivyo umempata. Kazi nyingine zote za siku hiyo, bushi za daladala na ekseli za mkokoteni, zitasubiri. Ataviunga vile vipande kwa gundi ili ahesabu meno, atapima kwa kalipa, atatafuta kipande cha shaba chini ya meza, atakereza, atapaka mafuta na kuizungusha kwenye vidole. Gia ya shaba inapiga kelele kuliko ya plastiki. Ndiyo, na sasa jirani anajua kuna sinema bila kupelekewa mwaliko.

Wala asidhani mtu kwamba kuungaunga ni aibu iliyoingia na umaskini wa juzi. Bwana wangu ana mababu. Mwaka 1935, kule Vugiri katika milima ya Usambara, jaribio la Waingereza la sinema za elimu kwa Waafrika lilitumia projekta za milimita 16 zisizo na sauti na kuziunganisha na santuri, kwa kuwa sahani ilikuwa njia rahisi ya kutoa maelezo kwa lugha mbalimbali. Lori, jenereta, projekta, gramafoni: mashine nne ambazo hazikuwa na habari ya kukutana zikazunguka Afrika Mashariki na zaidi zikijifanya moja. Baadaye yakaja magari ya sinema ya serikali, yaliyofunga skrini uwanjani jioni na kuonyesha filamu za kilimo na za afya.

Hata majumba yenye viti vya mito yaliishi kwa kuungana. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza namna nakala moja ya filamu ilivyoweza kuonyeshwa usiku mmoja katika jumba zaidi ya moja: rili ikimalizika huku, kijana anaipakia kwenye baiskeli na kukimbia nayo kule. Hapo hata baiskeli ilikuwa kipande cha projekta, na pancha ilikuwa hitilafu ya mitambo.

Haki ya msifu ni kulinganisha, na mshindani yupo. Projekta ya dijitali ya jumba la kisasa ni mashine ya ukoo bora. Picha yake haitikisiki, sauti yake haivumi, haimwombi mtu kitanzi. Filamu huifikia kwenye diski ikiwa imefungwa kwa msimbo, na ufunguo hutumwa mbali na filamu: ufunguo wa mashine hiyo moja, kwa tarehe na saa zilizotajwa. Saa zikipita, filamu imo ndani na hutaiona. Ukifungua kifuniko bila idhini, hata kwa nia ya kuchungulia, inahesabu umeivunjia heshima, na inaweza kukataa kuonyesha filamu yoyote ya msimbo mpaka aje mwenye namba ya siri kuisuluhisha. Vipande vyake vyote ni ndugu wa damu, na kama ilivyo kwa ndugu wengine wa damu, vimekubaliana kwa kila jambo isipokuwa kumkaribisha mgeni. Ilipoingia kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2010, mashine za mkanda ziliuzwa kwa uzito wa chuma katika nchi nyingi. Tunawashukuru waliouza. Bila haraka yao, bwana wangu angepata wapi viungo?

Ndiyo maana naona watu wanakosea wanapouliza kama mashine hii ni ya asili. Mtengenezaji wa mwili amekwisha kulipwa na kusahau. Anayedai uaminifu leo ni mkanda wenye matundu, uliopigwa na watu ambao wengi wao hawapo, na ambao unataka kitu kimoja: ukucha uingie tunduni bila kulirarua. Mkono unaofanya hivyo ukitoka Japani au kwenye cherehani, mkanda hauulizi. Mwenye kuitunza mashine ikiwa safi, na kila skrubu ya kiwanda kimoja, kabatini, bila filamu hata moja kupita, ameutunza mwili na kumzika mwenye nyumba.

Malenga akimaliza hutunzwa. Sitaki fedha. Nilisema taa ya sauti ni ya pikipiki. Inapolishwa umeme wa ukutani kupitia transfoma, huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na spika inautangaza mvumo huo chini ya kila neno, mapenzi na misiba yote. Isitoshe, waya wake umejikunja ovyo, ilhali mwanga unatakiwa upite kwenye ufa mwembamba kuliko unywele kabla ya kuigusa filamu. Naomba globu moja ya volti 4, ampea 0.75, yenye waya ulionyooka, na kijisanduku cha umeme wa moja kwa moja wa kuilisha. Atakayeileta nitamfungulia kifuniko aguse anapopenda, isipokuwa kwenye globu kubwa, maana ile feni ya ofisini huwa imekwenda chai.