Ndugu Gavana, una mshindani mtaani kwetu

Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania,
Dodoma.

YAH: KUWEPO KWA BENKI KUU YA PILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Gavana, kisheria ni ninyi peke yenu mnaotoa noti na sarafu nchini. Kwa heshima zote, natoa taarifa kwamba Mangi wa dukani kwetu naye anatoa. Jana nilinunua dawa ya mbu na kiberiti, chenji ikabaki shilingi 100. Mangi akapekua droo, akatikisa kopo, kisha akanihesabia juu ya kaunta: pipi moja, pipi mbili. Hakuniuliza kama nataka. Fedha halali haikataliwi.

Historia yenu naiheshimu. Kabla yenu, shilingi tuliletewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1919, shilingi 20 kwa pauni moja ya Uingereza. Tukachoka kutunziwa pochi. Sheria ikatungwa 1965, na tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu Nyerere akaifungua benki yetu wenyewe. Gavana wa kwanza, Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu. Mangi naye kwao huko huko. Labda ndiyo maana anajiamini hivi.

Shilingi yetu iligawanywa senti 100. Wanangu senti wanazikuta kwenye daftari la hesabu tu.

Januari 2024 mlianza kutangaza Riba ya Benki Kuu, asilimia 5.5. Mwezi Aprili ikawa 6. Ya Mangi imeandikwa kwa chaki mlangoni, "Leo taslimu, kesho mkopo", na haijatikisika tangu nihamie hapa. Mnaposema utulivu, njooni muone utulivu.

Kasoro yake ni moja: pipi zikishatoka hazirudi. Nilimpelekea 10 ninunue chumvi, akacheka mpaka akakalia gunia la mchele. Ninyi angalau noti zenu za zamani mlizipokea, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025.

Kwa hiyo naomba mojawapo: sarafu za 50 na 100 zifike mpaka kwenye kopo la Mangi, au mtangaze siku za kubadilisha pipi. Naambatanisha 17, thamani yake shilingi 850. Moja imelambwa na mwanangu wa mwisho. Hiyo ipokeeni kama noti chakavu.

Wako mtiifu,
Mteja wa benki zote mbili.