Namna ya Kutazama Matumbawe Laini Ukiwa Lubumbashi

Kwanza kabisa, uwe na bahari. Hapo ndipo tunapokwama sisi, maana mji wetu uko mita 1,200 hivi juu yake. Zamani tulikuwa nayo: miamba ya migodi ya Katanga ina mawe yaliyojengwa na vijidudu vya bahari ya kale, kabla dunia haijapata tumbawe hata moja. Tuliwahi mno.

Jirani akikwambia yeye ni mtu wa Kenya na miamba ya Watamu, inayolindwa tangu 1968, anaijua vizuri, muulize taratibu. Utakuta ni Kenya hii ya kwetu, komini iliyo karibu na Katuba.

Basi omba lifti kwenye lori la shaba. Foleni ya Kasumbalesa itakufunza kubana pumzi. Ukivuka Zambia na Tunduma, shuka Dar es Salaam, kisha tafuta mashua ya Mafia, ambako kuna hifadhi ya bahari tangu 1995.

Ukishazama, usiguse kitu. Najua mkono wa Mkatanga: ukiona jiwe unataka kuligonga ujue lina madini gani. Tumbawe laini halina jiwe la kugonga. Ni nyama yenye vipande vidogo mno vya chokaa, na ndivyo wataalamu huvitazama kwa hadubini ili kutofautisha aina. Wewe hesabu minyiri ya polipi moja. Ikiwa minane, kila mmoja na vinyweleo pembeni kama unyoya wa kuku, umelipata. Tumbawe gumu huenda kwa sita sita.

Ukikuta moja kama uyoga wa ngozi, limefumba polipi zote, linang'aa kama limepakwa nta, usiandike kwenye kibao chako kwamba limekufa. Linajichuna ngozi ya juu pamoja na uchafu wake. Rudi baada ya siku kadhaa utalikuta limechanua. (Lori litakungoja? Hilo kaongee na dereva.)

Nyumbani watadai ushahidi. Usinunue lile tawi jeupe la barabarani. Ni mifupa ya tumbawe gumu, na askari wa hifadhi watataka kujua lilitoka wapi. Tumbawe laini likifa huoza, likaacha vumbi la chokaa. Mletee mama mkwe kiganja cha mchanga, umwambie ndilo hilo.