Barua ya Wazi kwa Wanaotukatia Anwani Katikati

Kwa Waheshimiwa Watengenezaji wa Pochi za Kripto,

YAH: PONGEZI KWA KUTUPUNGUZIA KAZI YA KUSOMA

Hongereni kwa huruma yenu. Anwani ya Ethereum, ukiacha ile 0x ya mwanzo, ina herufi na tarakimu 40. Mkaona ni mzigo kwa macho yetu, mkabakiza nne za kichwani na nne za mkiani. 32 za katikati mkazifunika kwa vinukta vitatu. Tapeli anawashukuru. Kuiga anwani nzima hakuwezekani, lakini kufananisha nane tu ni majaribio kama bilioni 4.3, kazi ndogo kwa kompyuta yenye nguvu. Kisha anakurushia muamala wa sifuri, anwani yake ikae kwenye orodha yako ya miamala ikisubiri uinakili.

Mtasema mtumiaji awe mwangalifu. Mei 2024 alikuwapo mmoja mwangalifu: alituma kwanza kiasi kidogo cha kujaribia, kikafika. Ndipo akatuma WBTC 1,155 (tokeni zinazowakilisha Bitcoin), takriban dola milioni 68, kwa anwani yenye kichwa na mkia kama wa ile ya kwanza. Zikamwendea mwizi. Sehemu kubwa ilirudishwa baada ya mazungumzo, lakini hisani ya mwizi si mfumo wa usalama. Mtasema pia daftari la miamala liko wazi, kila mtu ahakiki. Sawa, ila muamala wa tapeli umeandikwa humo kwa wino uleule, na hata tovuti huigwa. Mwaka 2018 wezi waliiga ile ya Binance, soko la kripto, kwa herufi n zenye nukta chini yake, ukadhani ni vumbi kwenye kioo. Kufuli kando ya anwani ya tovuti husema njia imefungwa. Halisemi mwenye nyumba ni nani.

Mtajitetea kwamba kioo cha simu ni kidogo. Vocha ya kukwangua ni ndogo zaidi, na tarakimu zake zote zimo, zimepangwa mafungu mafungu. Nasi tupangieni anwani nzima hivyo kabla ya kuthibitisha, na miamala ya sifuri ifichwe. Hadi hapo, anwani tutaitoa kwenye kitabu tulichohifadhi wenyewe, si kwenye orodha ya miamala. Na tovuti tutaifungua kwa alamisho, si kwa kiungo cha kutumiwa.

Kwa kufuata utaratibu wenu, natia saini kwa kifupi. Kama ni Mwangalizi au Mwizi, hakikini wenyewe.

Wenu mtiifu,
Mw…zi